Mwitikiaji

Wa kwanza kukipima kiti alikuwa mama wa genge la mboga, na Fundi alidhani anafuta vumbi.

Alikuja asubuhi na sketi iliyofumuka pindo, kama alivyozoea kuja hata sketi ikiwa nzima, maana kibaraza cha Fundi ndicho kilichokuwa redio ya mtaa. Cherehani ilikaa mlangoni, benchi ukutani, kigoda pembeni, na hakuna aliyepita pale bila kutua mzigo na kuacha neno. Mtaa wenyewe ulikuwa wa masikio. Ukipiga chafya nyumba ya mwisho, nyumba ya kwanza wanakuombea afya. Mume wa mama wa genge alikuwa amekalia kigoda kile akisubiri suruali yake, akaipata, akaondoka. Mama wa genge hakukaa. Aliinama, akakigusa kigoda kwa mgongo wa kiganja kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Akasimama akingoja. Akagusa tena. Ndipo akakaa.

"Una nini na kigoda changu, jirani?" Fundi aliuliza.

"Nilikuwa nasubiri kipoe."

Fundi aliangua kicheko mpaka akaachia gurudumu la cherehani. Maneno yale aliyajua, yalizaliwa chumbani kwake. Kisha akagundua kwamba anacheka peke yake. Mama wa genge, ambaye kicheko chake kilikuwa kinasikika mpaka stendi, alikuwa ameweka mikono mapajani na kuinamisha macho, kama mtu aliyesikia tusi mahali pa ibada.

Mambo yalianzia kwa mume wa Fundi mwenyewe. Fundi alikuwa ameolewa na mpaka rangi ambaye jina lake lilishasahaulika. Watu wote walimwita Mzaha. Mzaha alipewa kazi ya kupaka ukumbi wa nyumba ya ibada wakati semina ya familia ikiendelea humo humo, na kwa kuwa hakuna anayemwona mtu aliye juu ya ngazi, alisikiliza mafundisho yote bila kiingilio. Mke afanye hivi, mume afanye vile, mtoto akae wapi wakubwa wakila. Mengi yalikuwa na maana yake. Mengine yalimfanya aing'ang'anie ngazi asianguke kwa kucheka. Kazi ilipokwisha alirudi nyumbani akatunga ya kwake. Alifunika dirisha kwa blanketi, akasimamisha simu ndani ya kikombe imrekodi, akaishusha sauti yake ikawa nzito, ya taratibu, yenye kikohozi katikati, akaanza kuimba mafundisho ya ndoa. Kiti alichokalia mume, mke asikikalie mpaka kipoe. Mume akila, mke ashibe. Mume akipotea njia, njia ndiyo iliyokosea. Neno la mwisho ni la mke, na neno lenyewe ni ndiyo.

Kila fundisho lilitaka mwitikiaji. Kazi hiyo alipewa Chiriku, mdogo wake Fundi, waliyemlea wao tangu wazazi walipofariki. Lakini Chiriku hakuitwa Chiriku bure. Huyo aliweza kubishana na redio na kuishinda. Kila akifika kwenye "ndiyo" alipasuka kicheko, akaishia kukaa sakafuni akijishika mbavu. Fundi alikuwa pembeni akitia pindo pazia la mteja, pini zimejaa midomoni. Alichoshwa na kelele, akaitikia bila hata kuinua kichwa: "Ndiyo, bwana wangu."

Kwa sababu ya pini hakuweza kufungua midomo. Sauti ilitoka nyembamba, laini, ya chinichini, sauti ya mtu aliyezaliwa akiwa amepiga magoti.

Mzaha alifumba macho kwa raha. "Hiyo hiyo," alinong'ona. "Usizitoe pini."

*

Mwanzoni watu walicheka, tena walicheka sana. Wimbo ulikimbia kutoka simu hadi simu, ukafika kwa kinyozi, ukaingia dukani na gereji. Wanawake walikuja kibarazani wakiuimba, mmoja akikaza shingo kama mhubiri, wengine wakiitikia na kuanguka anguka. Fundi naye alijisikia fahari kidogo.

Halafu kicheko kikaanza kutoka kwenye wimbo kama maji yanavyotoka kwenye nguo iliyoanikwa. Huoni yakiondoka, unakuja kushika, unakuta pamekauka. Wimbo haukuacha kupigwa. Watu ndio walioacha kucheka. Kinyozi alianza kuzima mashine yake kila wimbo ulipoanza, na mteja aliyenyolewa nusu kichwa akakaa na shuka shingoni, ametulia, mpaka wimbo uishe. Fundi alipomtania, kinyozi alimjibu kwa upole kwamba yale ni mafunzo, na mtu hanyoi mafunzo yakisemwa.

Siku moja Fundi alikwenda kununua uzi. Njiani aliisikia sauti yake kwa kinyozi, akaisikia dukani, akaisikia ikitoka kwenye gari lililoegeshwa. Alishazoea. Lakini alipopita dirisha la nyumba moja alisikia mwanamume akiuliza kama shati lake limepigwa pasi, na sauti yake yeye, Fundi, ikamjibu kutoka mle ndani: "Ndiyo, bwana wangu." Alisimama. Shati halikuwa kwenye wimbo. Alichungulia kwa pembe ya jicho akamwona mwanamke mnene wa makamo, mtu ambaye sauti yake halisi ilikuwa kama mlango wa bati, akishika pasi. Hapakuwa na simu mahali popote karibu naye.

Tangu siku hiyo Fundi alianza kuangalia mikono. Aliwaona kwenye vibaraza, kwenye foleni ya zahanati, kwenye shughuli za watu: mwanaume anainuka, mwanamke anainama, mgongo wa kiganja unagusa kiti, anasimama akingoja. Hakuna aliyewaamrisha. Hakuna hata aliyewatazama. Mtaa uliokuwa ukilala na kuamka kwa kelele ulikuwa umepoa hivi kwamba mlio wa cherehani yake ulianza kumtia haya, akawa anashona polepole, kama mwizi.

*

"Waambie ni utani," alimwambia mumewe.

Mzaha alikuwa anakula. Alitafuna muda mrefu kuliko chakula chenyewe kilivyodai. Alimkumbusha mkewe jinsi maisha yake yalivyokuwa. Miaka yote ile watu walimlipa nusu ya walichoahidi, na nusu iliyobaki wakamfidia kwa rangi iliyokauka kwenye kopo. Chai alipewa nje, amesimama, eti nguo zake zitachafua makochi. Watoto wenye makamasi walimwita Mzaha mbele ya baba zao na baba zao wakacheka. Sasa alikuwa akiingia mahali anavutiwa kiti, na kiti kinafutwa kwanza. Walimwita mwalimu. Juzi mwanamume mwenye gari alimpokea ndoo na brashi akazitia garini asizibebe tena, akamshika mkono kwa mikono miwili akamshukuru kwa kuiponya nyumba yake.

"Nikiwaambia ni utani," alisema, "watanirudishia ndoo yangu."

"Lakini ni utani."

"Nilipoanza ulikuwa utani."

Aliinuka kunawa mikono. Fundi, aliyekuwa amesimama akimpakulia, alisogea kukaa kwenye kiti chake ili naye ale.

"Subiri kidogo," alisema Mzaha, akacheka.

Fundi alisubiri kicheko kiendelee, maana mumewe alikuwa mtu wa kucheka kwa mikupuo. Hakikuendelea. Mzaha alikausha mikono yake kwa utaratibu, kidole kwa kidole, akaenda zake uani. Ilimchukua Fundi muda kugundua kwamba bado amesimama nyuma ya kiti, na kwamba mkono wake ulikuwa umeshaanza kuteremka kukigusa.

*

Chiriku alikuwa amechumbiwa na kijana wa duka la vifaa vya umeme, mtu mpole, mwenye kalamu mfukoni, asiyepandisha sauti hata kwa mteja anayerudisha balbu aliyoiunguza mwenyewe. Fundi alimpenda. Alishaanza kushona gauni la harusi, na alikuwa akiwaambia wateja kwamba yule kijana anakwenda kufa kwa maumivu ya masikio.

Mchana mmoja, akiwa kwenye cherehani, aliisikia sauti yake ikitokea chumbani. "Ndiyo, bwana wangu." Akapiga kelele Chiriku azime huo wimbo. Sauti ikarudia. Akaita tena. Ikarudia tena, safari hii polepole zaidi, kama mtu anayejaribu kiatu.

Alimkuta mdogo wake amesimama mbele ya kioo. Midomo ilikuwa imebana safu ya pini, vichwa vyake vikimeta. Hakutabasamu alipomwona dada yake kwenye kioo. Alizitoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa chake cha kichwa.

"Unafanya nini, Chiriku?"

"Najifunza, dada. Yangu bado inatoka pana."

"Wewe ulikuwepo siku ile. Ulicheka mpaka ukakaa chini."

Chiriku alifikiri, kama mtu anayesimuliwa jambo alilolifanya akiwa mtoto mchanga. "Nilikuwa sijaelewa," alisema.

"Kulikuwa na nini cha kuelewa? Shemeji yako alikuwa anaigiza. Mimi nilikuwa na pini mdomoni."

"Najua ulikuwa na pini." Chiriku alimgeukia. Macho yake yalikuwa yametulia kama maji ya mtungini. "Lakini sikiliza vizuri, dada. Ile si sauti ya mtu anayetania."

Fundi alirudi kwenye cherehani yake. Alikanyaga, akashona, na aliposhusha macho akaona amepitisha mstari mrefu ulionyooka kwenye kitambaa cheupe, bila uzi.

*

Mhubiri wa nyumba ya ibada alikuwa na ofisi ndogo nyuma ya ukumbi. Kuta zilikuwa bado zinanuka rangi ya Mzaha. Alikuwa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi upande mmoja, na watu walimpenda kwa sababu alipokuwa akiwatembelea wagonjwa alikaa hadi uji wao upoe. Fundi alimweleza yote: ngazi, blanketi, kikombe, pini. Alimwomba asimame mbele ya watu aseme kwamba yale si mafundisho ya dini yoyote.

Mzee hakukasirika. Aliinuka akafunga mlango, akarudi, akakaa.

"Lile la kiti nalo ni lake?"

"La kiti ndilo la kwanza, mzee."

"Nimelifundisha," alisema Mhubiri.

Alimsimulia kwa sauti ya chini. Lilimtoka mwenyewe katikati ya somo, laini, bila kukwama, na wanawake wakaitikia vizuri, naye akarudi nyumbani akiwa ameridhika. Baadaye alitaka kuandika pembeni ni wapi limeandikwa. Akalitafuta kitabuni. Akalitafuta tena. Akasema labda ni uzee, labda alilisoma ujanani.

"Binti yangu, siku hizi nafungua kitabu na kuogopa. Siogopi kwamba halimo. Naogopa kwamba siku moja nitalikuta."

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja.

"Na anayeitikia ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Itikia."

Fundi hakutaka. Alikuja pale kwa ajili ya kutotaka. Lakini midomo ilijibana yenyewe na maneno yakatoka, bila pini hata moja, mororo kama siku ile. Mhubiri alivua miwani yake akaishika mapajani.

"Hivyo hivyo ndivyo anavyonijibu mke wangu," alisema. "Nilidhani ni amani imeingia nyumbani."

*

Mzee alifanya alivyoombwa. Siku ya ibada alisimama, akaacha somo alilopanga, akasema waziwazi kwamba habari ya kiti haimo kitabuni, kwamba ni mzaha wa mpaka rangi, na kwamba yeye mwenyewe alikosea kuufundisha, akaomba radhi. Akasema mke akichoka akae, kiti kiwe cha moto kama jiko. Ukumbi ulikuwa umejaa. Mzaha alikuwa mbele kabisa, kwenye kiti alichopewa, shingo imemwingia mabegani.

Hakuna aliyenung'unika. Wanaume walitabasamu tabasamu la mtu aliyefumbiwa fumbo akalifumbua, na mmoja aliyekaa karibu na Fundi alimnong'oneza mwenzake kwamba mzee anawapima.

"Mmenielewa?" aliuliza Mhubiri.

Upande mzima wa wanawake ukajibu pamoja, midomo imefumbwa nusu. "Ndiyo, bwana wetu."

Ilikuwa sauti ya Fundi. Vifua vilikuwa vingi, vikongwe na vigoli, lakini sauti ilikuwa moja, nyembamba, laini, na ilijaa ukumbini hadi madirisha yakatetemeka kidogo. Safu ya mbele yake Fundi aliiona shingo ya Chiriku, imenyooka, kishipa kikicheza. Fundi alijishika mdomo kuhakikisha kwamba yeye alikuwa amenyamaza. Mhubiri alibaki amesimama pale mbele akiwatazama, na miwani yake ikaning'inia kwenye uzi.

*

Keshokutwa ilikuwa harusi. Gauni lilibaki pindo tu. Chiriku alipanda juu ya stuli kibarazani, jua la asubuhi limemwagika mgongoni kwake, na Fundi akapiga magoti kumzunguka akipima urefu. Walikuwa peke yao. Fundi aliamua kuuliza, maana hakuwa na siku nyingine.

"Unampenda?"

"Ndiyo, dada."

"Unamwogopa?"

"Ndiyo, dada."

Fundi aliinua kichwa. "Anakutisha? Amekufanya nini?"

"Ndiyo, dada."

"Amekupiga?"

"Ndiyo, dada."

Moyo ulimpasuka, kisha ukasita. Alimtazama usoni. Uso ulikuwa wa adabu, umetulia, unasubiri swali jingine.

"Hajawahi kukugusa hata kidogo?"

"Ndiyo, dada."

Fundi alikaa chini, pale pale sakafuni, pindo jeupe limemwangukia magotini. "Shemeji yako ni samaki?" aliuliza.

"Ndiyo, dada."

Siku zilizopita wangecheka mpaka gauni lichanike. Jogoo wa jirani alipita, akakanyaga kivuli cha gauni, akaenda zake.

"Chiriku. Sema hapana."

"Ndiyo, dada," alisema Chiriku, akatulia, kana kwamba ameshasema.

Ndipo wazo likamjia, na lilimchukiza kabla hajalimaliza: mtu anayemkubalia kila mtu atamkubalia hata yeye, Fundi. Msichana huyu hakuwahi kumtii hata siku moja. Kumwosha miguu kulikuwa ugomvi, kumpeleka shule kulikuwa kesi. Sasa alikuwa pale juu ya stuli kama redio inayosubiri mkono. Fundi alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa nzito, ya taratibu, yenye kikohozi katikati.

"Vua gauni."

"Ndiyo, dada."

"Kusanya nguo zako. Utapanda basi uende kwa shangazi. Simu utaniachia mimi. Hutarudi mpaka nikuite."

"Ndiyo, dada."

Shangazi yao aliishi mbali, nyumba ya peke yake, masikio yake mazito, redio yake ilikufa mwaka aliokufa mumewe. Fundi alimfikisha mdogo wake stendi akamkatia tiketi. Chiriku hakuuliza kwa nini, wala atakaa muda gani, wala mchumba ataambiwa nini. Basi lilipoondoka hakupunga mkono, kwa kuwa hakuna aliyemwambia apunge. Fundi alirudi kwa miguu, mdomo una ladha ya chuma.

*

Mchumba alikuja jioni hiyo hiyo, jua bado lipo. Nyuma yake kibaraza kilijaa watu ambao kila mmoja alikuwa amepita tu. Hakupiga makelele. Alikaa kwenye benchi, kalamu yake mfukoni, akasema kwamba kadi zimeshagawiwa, ukumbi umeshalipiwa, na mama yake amelala chini kwa presha. Fundi alimwuliza kama hakuona mabadiliko kwa Chiriku.

"Niliona," alisema kijana. "Sikumwomba mimi, dada. Alianza mwenyewe. Nikaona raha. Wewe ungekuwa mimi ungemkataza?"

Kijana hakusubiri jibu. Alimgeukia Mzaha, aliyekuwa kwenye kiti chake karibu na mlango.

"Mwalimu, wewe ndiye mwenye nyumba. Mwambie mkeo amrudishe bibi harusi."

Watu wote walimtazama Mzaha. Kinyozi alikuwepo, mama wa genge alikuwepo na mumewe, mwenye gari alikuwa amesimamisha gari. Mzaha alitazama kucha zake zenye rangi, kisha akamtazama mkewe kwa macho ya kuomba. Aliposema, alisema kwa sauti ile ya kwenye wimbo, na Fundi hakujua kama ameiita au imekuja yenyewe.

"Mke wangu. Mrudishe."

Neno lilianza kumpanda Fundi. Lilitoka tumboni, likapita kifuani, likafika nyuma ya meno, na midomo ikaanza kubana kulipokea. Aliuma meno. Akatafuta neno lile jingine. Alijua lipo, kama unavyojua ufunguo upo humu humu ndani, alilitumia maisha yake yote kwa wateja wa kukopa na kwa majogoo. Hakulipata. Basi akatikisa kichwa. Alikitikisa kushoto na kulia, midomo imebana, kama mtoto anayekataa dawa, na hakuacha, macho ya mtaa mzima yakimtazama, kitambaa kikamlegea kikaanguka, naye akaendelea kutikisa.

Kijana alisimama. Alisubiri Mzaha aseme tena.

Mzaha alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha kweli safari hii, na sauti iliyofuata ilikuwa ndogo, ya puani kidogo, sauti aliyoolewa nayo Fundi. "Amekataa, kijana wangu," alisema. "Umeona mwenyewe. Na mimi ni mpaka rangi tu. Ule wimbo nilikuwa nawacheka ninyi."

Hakuna aliyemtukana. Waliondoka mmoja mmoja, kimya, na kesho yake mwenye gari alituma ndoo na brashi za Mzaha zikaachwa mlangoni. Chai akarudi kuinywa nje, amesimama. Wateja wa Fundi nao walipungua. Walioleta nguo walizisukuma juu ya meza bila kukaa. Wimbo uliendelea kwa kinyozi.

*

Simu ya shangazi ilimkuta kwenye cherehani, asubuhi, pini midomoni. Shangazi hakuwa mtu wa salamu, na kwa kuwa hakusikia vizuri aliamini dunia nzima haisikii vizuri.

Alianza na lawama. Alisema huyo mtoto aliyemtumia hapo mwanzo alikuwa malaika: akiambiwa kaa anakaa, akiambiwa kula anakula, akiambiwa lala analala hata mchana. Alijisifu hata sokoni. Halafu akaanza kumwogopa, maana usiposema kitu anabaki alipo, amesimama katikati ya chumba kama kabati. Akaamua dawa yake ni kumtuma. Akamtuma maji, akamtuma kuni, akamtuma sokoni, akamrudisha kubadilisha, akamtuma tena, kama alivyowatuma wote waliowahi kulala chini ya bati lake mpaka wakamkimbia. Na leo amemtuma dukani akanunue chumvi.

"Sasa unajua amenijibu nini?" alisema shangazi. "Amejilaza kitandani, miguu ukutani. Ati haendi. Ati kama nataka chumvi, miguu ninayo."

Fundi alizitoa pini mdomoni, zote kwa mkupuo, akazimwaga mezani.

"Shangazi, mtume tena."

"Nimtume tena wa nini, wakati nakwambia hana adabu, amekataa?"

"Mtume tena, na usikate simu. Nataka nisikie."

Shangazi alinung'unika, kisha akapaza sauti yake kuelekea ndani ya nyumba ile ya mbali, akaidai chumvi yake. Kwa kinyozi wimbo ulikuwa umefika kwenye kiitikio, na ng'ambo ya barabara mwanamke mmoja alikuwa ameinama juu ya benchi, kiganja kimegeuzwa. Fundi aliziba sikio moja kwa kidole.

"Siendi," sauti ilisema kwenye simu, kutoka chumba cha nyuma, kwa kelele na uchovu na dharau. "Nimeshasema siendi, kwani hamsikii?"

Midomo ya Fundi ilisogea bila sauti, ikilifuata neno lile silabi kwa silabi, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

"Mtume tena, shangazi," alisema.